Kinda au mpevu? Jua umri wa ndege kabla hujaandika jina lake

Na MWANDISHI WETU

UKIVUKA na feri ya Likoni asubuhi, hebu inua macho kutoka kwa simu. Utamwona mwewe. Anazunguka juu ya maji na mkia wake ulioingia ndani katikati kama wa samaki, akingoja kichwa cha dagaa au kipande cha mahamri kidondoke. Wengi wetu tunamjua tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa akinyakua vifaranga vya nyanya uani.

Aprili mwaka jana, mwewe huyo alinitia aibu.

Nilikuwa ndio naanza kutazama ndege, nina darubini ya kuazima na daftari jipya. Upande wa Likoni, juu ya vibanda vya wauza samaki, nikaona mwewe wawili. Mmoja alikuwa na mdomo wa manjano kama ndizi mbivu. Mwingine mdomo wake ulikuwa mweusi, na kifua kimejaa michirizi. Nikakumbuka kusoma kwamba mwewe wa Afrika ana mdomo wa manjano, na kwamba kuna mwewe mgeni anayekimbia baridi ya Ulaya na Asia ambaye mdomo wake ni mweusi. Nikaandika, tena kwa wino: "Mwewe mgeni, 1." Kisha nikamwonyesha mwenzangu, mwanafunzi wa chuo anayeishi Mtongwe, ambaye ndiye aliyenivuta kwenye mambo haya.

Akacheka. "Mgeni gani huyo wa mwezi wa nne? Wenzake washarudi kwao zamani. Huyo ni mtoto wa hapa hapa, hata mdomo hajabadilisha!"

Na kweli. Mwewe wetu wa mdomo wa manjano hazaliwi nao hivyo. Akiwa mdogo mdomo huwa mweusi, na unajano huja baadaye akikomaa. Nilikuwa nimemfukuza nchini mwananchi wa Likoni kwa sababu tu ni mdogo.

Ndege hana kitambulisho

Kosa langu ni la kila anayeanza. Swali la kwanza tunalouliza ni "ndege gani huyu?" Tunafungua kitabu au programu kwenye simu na kutafuta picha inayofanana. Lakini picha nyingi ni za dume mpevu aliyevaa rangi zake za msimu wa kuzaana, yani ni kama picha ya harusi. Ndege aliye mbele yako huenda ametoka kiotani wiki iliyopita na hafanani na baba yake hata kidogo. Basi unampa jina la ndege mwingine kabisa.

Waliobobea huanza na swali lingine: huyu ana umri gani?

Mashabiki wa kandanda tunalijua neno "kinda". Bandari FC ikimpandisha mvulana wa miaka 17 kwenye timu kubwa, tunamwita kinda. Neno hilo maana yake hasa ni mtoto wa ndege. Tofauti ni kwamba mchezaji ana cheti cha kuzaliwa, japo wapo wanaocheza na tarehe. Ndege hana cheti wala kitambulisho. Umri wake unausoma kwenye manyoya, mdomo, macho, mkia na tabia.

Kwani umri una maana gani?

Tuseme umeambiwa mtaa wenu una watu elfu moja, na mwaka uliopita walikuwa elfu moja vilevile. Utasema mambo shwari. Sasa uambiwe kwamba katika hao hakuna hata mtoto mmoja. Bado ni watu elfu moja, lakini wewe mwenyewe utajua mtaa huo unakoelekea.

Kwa ndege ni hivyo hivyo. Ndege wapevu wanaweza kuendelea kuonekana kwa miaka kadhaa huku viota vyao vyote vikiharibiwa. Anayehesabu vichwa tu ataandika kwamba ndege wapo. Anayeandika umri ataona mapema kwamba makinda hawapo. Siku wale wazee watakapokwisha, wa kwanza atashangaa walivyopotea ghafla. Hawakupotea ghafla. Ni yeye aliyekuwa hatazami watoto.

Hii si kazi ya maprofesa peke yao. Tangu mwaka 2013 Kenya ina mradi wa ramani ya ndege, Kenya Bird Map, ambapo mtu yeyote anaweza kutuma orodha ya ndege aliowaona sehemu fulani. Mwanafunzi wa Kisauni mwenye simu na subira anaweza kuchangia sawa na mtafiti. Ila orodha yake itakuwa na faida tu kama majina ni sahihi, na majina hayawezi kuwa sahihi kama kila kinda anapewa jina la ndege wa Ulaya.

Hatua nne za kukumbuka

Vitabu vya wataalamu vina majina mengi ya hatua za umri. Kwa kuanzia, nne zinatosha.

Ya kwanza ni kinda wa kiotani. Huyu hana manyoya au ndio yanachipua, na macho huenda bado yamefumba. Ukimwona, umekaribia kiota sana. Rudi nyuma.

Ya pili ni kinda aliyetoka kiotani. Ana manyoya, lakini mkia ni mfupi kama umekatwa. Pembeni mwa mdomo kuna kingo laini, mara nyingi za manjano, zinazomfanya aonekane amenuna. Anaruka vibaya, anatua vibaya zaidi, na akimwona mzazi anatetemesha mabawa na kulia akiomba chakula.

Ya tatu ni chipukizi. Sasa anajitegemea. Kwa mbali utadhani ni mpevu, lakini rangi zake zimefifia, au ana michirizi na madoadoa ambayo wazazi hawana. Ndege wadogo wengi hupita hatua hii kwa miezi michache. Wakubwa huchukua muda: shakwe wakubwa huhitaji miaka 3 au 4 kuvaa rangi za utu uzima, na furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, miaka 4 au 5. Kabla ya hapo furukombe ni ndege wa kahawia mwenye mabaka, na wengi humwandika kama tai mwingine.

Ya nne ni mpevu, yule wa kwenye picha za vitabu.

Kuna siri moja zaidi inayosaidia kuliko zote. Kinda huota manyoya yake yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo yanalingana: mapya yote, nadhifu yote, kama sare ya shule siku ya kwanza ya muhula. Mpevu hubadilisha manyoya kidogo kidogo, kwa hiyo mara nyingi utaona mapya yamechanganyika na yaliyochakaa. Ukiona ndege nadhifu kupita kiasi, shuku kwamba ni mtoto.

Likoni: Wanafunzi wa kunguru

Darasa la bei nafuu kuliko yote ni kunguru. Hahitaji darubini, na kituo cha matatu cha Likoni hakijawahi kuwakosa.

Mtazame mpevu kwanza. Mwili mweusi unaong'aa, na shingo na kifua vya kijivu kana kwamba amejifunga skafu. Sasa tafuta kinda. Weusi wake hauna mng'ao, kijivu cha shingoni hakijatengana vizuri na weusi, na akifungua mdomo kuomba chakula utaona ndani wekundu wa waridi. Anamfuata mama yake kutoka paa hadi paa akilalamika, hata kama tayari anamkaribia kwa ukubwa. Kila mwenye mdogo wake nyumbani anaijua tabia hii.

Hapa Mombasa makinda wa kunguru ni rahisi kuwaona kuliko makinda wa ndege wengine wengi, na si kwa bahati. Kunguru huyu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Tangu hapo amezaana na kuenea pwani yote. Anakula taka, ndiyo, lakini anakula pia mayai na makinda wa ndege wengine. Mwaka 2024, Shirika la Wanyamapori nchini (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja.

Hapo ndipo elimu ya umri inapoingia kwenye maisha ya watu. Tuna kunguru mwingine ambaye ni mwenyeji halisi, yule mkubwa zaidi mwenye kifua na shingo nyeupe. Akiwa chipukizi, weupe wake huwa na uchafuchafu, na mpaka kati ya weupe na weusi haujanyooka. Mtu mwenye haraka na jiwe mkononi anaweza kumdhani ni yule mgeni. Kama tutapambana na kunguru mvamizi, basi angalau tumjue mwenyeji, hata akiwa mtoto.

Kisauni: Kosa ambalo sikuliandika

Kosa la mwewe ni la kuchekesha. Hili la pili si la kuchekesha.

Kabla sijajua lolote kuhusu umri wa ndege, nilikuta kinda wa shore chini ya mwembe katika mtaa mmoja wa Kisauni. Shore unamjua: ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na unjano chini ya mkia, anayeimba alfajiri kabla hata chai haijachemka. Huyu mdogo alikuwa amekaa mchangani, mkia mfupi, mdomo una kingo za manjano. Hakukimbia. Nikasema maskini, ameanguka, mama yake amemtupa.

Nikamchukua. Nikamtia kwenye boksi la viatu lenye kitambaa, nikampa mkate uliolowekwa kwenye maziwa, nikamdondoshea maji mdomoni. Kina mama wa jirani walinisifu kwa huruma yangu. Asubuhi ya pili alikuwa amekufa.

Leo nikiyarudia yale niliyoyaona, naona nilikosea kila kitu. Alikuwa na manyoya kamili, kwa hiyo hakuwa kinda wa kiotani. Alikuwa hatua ya pili. Makinda wa shore huondoka kiotani wakiwa na umri wa wiki mbili hivi, kabla hawajajua kuruka sawasawa, na kwa siku kadhaa wazazi huwalisha vichakani na hata chini. Hakuwa ameanguka, alikuwa amehitimu. Na wale shore wawili waliokuwa wakipiga kelele juu ya mwembe nilipomwokota, ambao nilidhani wanagombana, walikuwa wazazi wake.

Mkate na maziwa si chakula cha kinda wa ndege. Maji ya kudondoshea mdomoni yanaweza kuingia kwenye njia ya pumzi yakamuua.

Kwa hiyo ukimkuta kinda chini, soma umri kwanza. Kama ana manyoya na anaweza kusimama, mwache. Kama kuna paka au kunguru karibu, msogeze tu hadi kwenye kichaka au tawi la jirani, kisha ondoka uwape wazazi nafasi. Kama hana manyoya, huyo kweli ameanguka: mrudishe kiotani ukiweza kukifikia. Ukishindwa, kikapu kidogo chenye majani makavu, kilichofungwa karibu na kiota, kinaweza kufaa. Na ile habari tunayoambiwa utotoni, kwamba ndege akiguswa na binadamu mama yake humkataa, si kweli. Kumpeleka nyumbani ndiko kunakomponza. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga ndege wa porini bila kibali.

Kisauni hiyo hiyo ina mahali pazuri pa kujifunzia bila kumdhuru yeyote. Haller Park pale Bamburi lilikuwa shimo tupu la kuchimba mawe ya saruji hadi mwaka 1971, René Haller alipoanza kupanda mivinje. Leo ni msitu wenye mabwawa. Jirani yake kuna Nguuni, uwanda wa nyasi wenye mbuni na ndege wa majini.

Ila si lazima ulipe kiingilio. Mnazi mmoja wenye viota vya minana unatosha. Makinda wa minana, hata madume, huvaa rangi zilizofifia kama za mama, na wengi hupotea kwenye orodha kwa sababu watu huandika wote kuwa ni majike. Ukiwa na bahati msimu wa mvua, unaweza kuona kioja: mnana akimlisha mtoto mwenye mdomo mwekundu kama tumbawe ambaye hafanani naye kabisa. Huyo si wake. Ni mtoto wa ndege mmoja wa kijani anayeng'aa, ambaye hajengi kiota na hutaga mayai kwenye viota vya wenzake. Akikomaa, ule wekundu wa mdomo utaondoka. Bila kujua umri, utatafuta kwenye kitabu ndege wa mdomo mwekundu hadi jua litue.

Changamwe: Habari za Siberia kwenye matope

Ukivuka daraja la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022, kuelekea Changamwe, unapita karibu na Kibarani, lililokuwa jaa la taka la mji. Huko kwarara ni wenyeji. Mpevu ana kichwa na shingo nyeusi zisizo na unyoya, ngozi tupu. Kinda ana manyoya shingoni, meusi na meupe yaliyochanganyika. Ni kinyume cha binadamu wote ninaowajua: huyu huzaliwa na nywele, akikua ndio upara unaingia. Lakini ni somo rahisi, hata kutoka dirishani mwa matatu.

Somo gumu liko mbele, kwenye matope ya Port Reitz na ya mkono wa bahari wa Tudor kule Mikindani, maji yakipwa. Hapo ndipo wanapotua ndege wa ufuoni: sululu mwenye mdomo uliopinda kama chombo tunachochimbia, na vitwitwi wa aina nyingi ambao wote, kwa macho ya anayeanza, ni ndege mmoja wa kijivu anayekimbia.

Mchukue kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kwa chini. Jina lake la kisayansi ni Calidris ferruginea. Ana uzito wa gramu 60 hivi, yani kama yai la kuku. Huzaliwa kwenye nyika za barafu kaskazini mwa Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Dume huondoka mapema, mayai yakiwa bado yanaatamiwa. Jike hufuata baada ya kulea. Makinda ndio wa mwisho, na husafiri bila wazazi. Hakuna aliyewaonyesha njia.

Ndiyo maana kwenye matope yetu hawaji pamoja. Wapevu huanza kufika Agosti, wamechakaa, wengine bado wana mabaka ya wekundu wa matofali tumboni, mabaki ya rangi ya kuzaana. Makinda huanza kuonekana Septemba. Hawa ni nadhifu. Kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe, kwa hiyo mgongo mzima unaonekana kama magamba ya samaki, na kifuani wana rangi hafifu ya maziwa ya chai. Usichelewe, kwa sababu miezi ikisonga manyoya yanabadilika na tofauti inafifia.

Sasa sikia hili. Watafiti waliohesabu makinda wa kitwitwi huyu kusini mwa Afrika waligundua kwamba idadi yao inapanda na kushuka kufuatana na panya. Kule Siberia kuna panya wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi. Mwaka wakiwa wengi, mbweha hushiba lemingi na kuwaacha makinda wa ndege. Mwaka lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia viota. Miezi michache baadaye, huku Afrika, makinda wanakuwa wachache. Kwa maneno mengine, mtu aliyesimama kwenye matope Afrika mwezi wa Oktoba, akihesabu nani ana magamba mgongoni na nani hana, anapata habari za mbweha na panya wa Siberia bila kupanda ndege.

Na habari hizo zinahitajika. Oktoba 2024 kitwitwi huyu alipandishwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu idadi yake inapungua. Makinda wakiwa wachache mwaka baada ya mwaka, kuna shida kule wanakozaliwa. Makinda wakifika wengi lakini wapevu wakazidi kupungua, basi shida huenda iko njiani au huku wanakokuja kula. Hesabu ya vichwa pekee haiwezi kutofautisha hayo mawili.

Kuna jambo lingine linalotuhusu moja kwa moja. Makinda wengi wa ndege hawa hawarudi Siberia mwaka wao wa kwanza. Wenzao wapevu wakiondoka kati ya Machi na Mei, wao hubaki. Kwa hiyo kundi dogo unaloliona kwenye matope mwezi wa Juni si wagonjwa wala waliopotea. Wengi wao ni vijana, na mwaka huo matope yetu ndiyo kwao. Mikoko ikikatwa na taka zikimwagwa hapo, anayekosa chakula ni kizazi kijacho.

Ukiweza kufika Watamu, pitia Mida Creek. Huko A Rocha Kenya huwavisha ndege wa ufuoni pete miguuni, na ndege akiwa mkononi umri husomwa unyoya kwa unyoya. Huko pia yuko Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayezaliana Oman, Ghuba na Somalia. Yeye hufanya kinyume cha kitwitwi: huja na mtoto wake. Utamwona chipukizi mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi, tayari ameruka bahari nzima, bado anamfuata mzazi na kulilia kaa.

Uanzie wapi?

Chagua ndege watano wa mtaani kwako na uwajue kuanzia utoto hadi upevu kabla ya kukimbilia aina mia. Kunguru, mwewe, shore, mnana na mbayuwayu wanatosha. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba ni rahisi: mpevu ana nyuzi mbili ndefu mkiani na koo la wekundu uliokolea, kinda nyuzi zake ni fupi na koo limepauka.

Kwenye daftari, weka safu ya umri kando ya jina na idadi. Andika pia tarehe, kwa sababu kalenda ni nusu ya jibu. Ingenikumbusha kwamba Aprili si mwezi wa mwewe mgeni. Piga picha hata kama ni mbaya. Rangi ya mdomo huonekana kwenye picha mbaya pia.

Kuwa mwangalifu unakoelekeza darubini na kamera. Likoni ina kambi ya wanamaji Mtongwe, Changamwe ina bandari na uwanja wa ndege. Elekeza kwenye matope, si kwenye meli, na uliza kabla ya kuitoa kwenye feri. Na usimkaribie ndege aliyepumzika maji yakijaa. Ukimrusha, unamnyima nguvu alizotoka nazo mbali kuzitafuta.

Mwisho, jizoeze kuandika "umri sijui". Majike, madume nje ya msimu na makinda wanaweza kufanana hadi bingwa akashindwa. Nafasi iliyoachwa wazi haimdanganyi mtu.

Mimi ule ukurasa wa Aprili sijauchana. "Mwewe mgeni" nimeupiga mstari mmoja, maneno bado yanasomeka, na pembeni nimeandika: "Mwewe wa hapa, kinda, 1." Chini yake niliongeza mstari mwingine, bila tarehe kwa sababu siikumbuki: "Shore, kinda aliyetoka kiotani, 1. Wazazi walikuwepo."